Miche ya Chupa: Majibu kwa Barua Zenu za Shamba

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja tu, miche ya tishu, yaani ile ilolelewa ndani ya chupa za maabara, wengine mwaiita migomba ya chupa, na sababu naijua, masika yakaribia na pikapu za miche zimeanza kuonekana kutoka Malindi mpaka Mpeketoni. Nimechagua chache nizijibu vizuri, manake zile zengine zauliza hayahaya kwa maneno tofauti.

Shikamoo ami. Mimi ni mama mkulima wa Ganda. Mwaka jana nilinunua miche 40 ya migomba ya tishu kwa muuzaji alopita na gari, ilikuwa mizuri ya kijani kabisa, nikaipanda siku ileile mchana nikaimwagia maji ya kisima. Baada ya wiki mbili ilibaki 11, mengine yote ilikauka kama ilochomwa moto. Jirani asema miche ya maabara haiwezi jua la huku kwetu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu, na pole sana, miche 29 si pesa kidogo. Lakini jua la Ganda usilisingizie, migomba imeota hapo kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Hebu fikiria huo mche umetoka wapi. Maisha yake yote umekaa ndani ya chupa ilofungwa, hewa ya mle imejaa unyevu karibu asilimia 100, hakuna upepo, hakuna vumbi, na chakula chake ni sukari ilotiwa ndani ya ile lishe, kiasi gramu 30 kwa lita moja. Kwa hivo majani yake hayajazoea kujipikia chakula kwa jua, yalikuwa yalishwa tu. Ngozi ya jani haina nta ya kutosha, na vile vitundu vidogo vya kupumulia vyakaa wazi tu, havijui kujifunga jua likiwa kali. Sasa mtoto kama huyo mtoe umweke nje saa saba mchana na upepo wa kaskazi wavuma, maji yote yamtoka kwa majani kabla mizizi haijajua kunywa. Ndio hiyo kukauka kama ilochomwa ulioiona.

Kati ya chupa na shamba kuna safari ya kuuzoesha mche, na hiyo safari haina njia ya mkato. Kwanza mizizi yaoshwa ile lishe yote itoke (ukiacha sukari, ukungu waja mbio), mche watiwa kwenye mchanga uliochemshwa au kuchomwa, wafunikwa nailoni kivulini ili unyevu usipotee ghafla, alafu kila siku nailoni yafunguliwa kidogo zaidi ya jana. Baadae waingia kwenye mfuko wa udongo na samadi ilooza, wakaa kitaluni wiki 6 mpaka 8, kivuli kikipunguzwa pole pole mpaka mwisho wapigwa na jua lenyewe. Mche uliokuwa tayari una urefu wa sentimita 20 mpaka 30 na majani kama 4 hadi 6 mapya, yaloota nje ya chupa, si yale ya mwanzo. Kwa hivo ukija kununua usiulize bei kwanza, uliza huu mche umetoka kwenye chupa lini, na umekaa juani siku ngapi. Akikwambia wiki iliopita, hata akupe kwa nusu bei muache aende.

La pili ni hayo maji ya kisima. Hujaniambia shamba lako liko karibu na bahari kiasi gani lakini visima vyetu vingi vina chumvi, na mgomba chumvi hauipendi hata kidogo, pembezoni mwa jani pageuka rangi ya majani makavu alafu paingia ndani. Onja hayo maji. Ukisikia magadi kwenye ulimi, mche mchanga usimpe, tafuta ya mvua au ya mfereji kwa miezi ya mwanzo angalau.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipoteza miche mingi kwa makosa hayohayo yako, ndio maana sasa miche ikifika nyumbani naiweka chini ya mwembe siku 7 mpaka 10 kwanza ipumzike na safari, alafu naipanda jioni mvua za masika zikiwa zimeshashika, si zile za manyunyu ya kudanganya. Shimo futi 2 kila upande, madebe mawili ya samadi ilooza, mita 3 kutoka shina mpaka shina, na kila mche naufanyia kibanda kidogo cha makuti upande wa jua la mchana kwa wiki mbili tatu. Chini naweka makumbi ya nazi kuzuia maji yasikauke. Na hiyo 11 ilobaki itunze vizuri, manake miche ya tishu huzaa watoto wengi sana mwaka wa kwanza, punguza ubakishe mama, mtoto na mjukuu, na hao wengine wang'oe wakiwa na mizizi yao ujazie mapengo.

Asalam aleikum. Mimi ni mkulima Mpeketoni. Mke wangu amekataa kabisa watoto wasile ndizi za tishu, asema ni GMO. Mimi mwenyewe sina la kumjibu manake sijui hii tishu ni kitu gani hasa. Tueleze.

Waalaikum salaam ndugu yangu. Mwambie shemeji ameuliza swali zuri, na jibu ni kwamba si GMO.

Wewe ukikata kijiti cha muhogo ukakidunga ardhini, si chaota muhogo uleule? Hujachanganya kitu, umeongeza tu. Tishu ni kudunga kijiti, ila kijiti kimekuwa kidogo mno na udongo umekuwa chupa. Mwanzo wa fikra hii ni mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, mwaka 1902, alosema kila seli ya mmea ina ndani yake uwezo wa kuutoa mmea mzima. Yeye mwenyewe alijaribu zikakaa hai lakini hazikugawanyika, wakati ule hakuna alojua homoni zinazotakiwa. Ilibidi ingoje mpaka miaka ya 1950, mwaka 1957 watafiti Skoog na Miller kule Wisconsin, Marekani, wakaonyesha kitu ambacho mimi kila nikikifikiria nastaajabu: kuna homoni mbili, oksini na saitokinini, ukizidisha ya kwanza kile kipande chatoa mizizi, ukizidisha ya pili chatoa machipukizi, ukizisawazisha chabaki donge la seli tu halijui liwe nini. Mwaka 1962 Murashige na huyohuyo Skoog wakatoa orodha ya chumvi na vitamini za kulisha tumbaku ndani ya chupa, na mpaka leo maabara nyingi za ndizi zatumia orodha hiyohiyo.

Kazi yenyewe yaenda hivi. Wachagua mgomba mama ulio mzima na wenye mkungu mzuri, wachukua mtoto wake, wauchonga kama vile mtu amenya kitunguu, ganda baada ya ganda mpaka wafika kwenye kile kidude cheupe cha katikati, ncha ya kukua. Chaoshwa kwa spiriti na dawa ya klorini (ile ya kufulia nguo nyeupe), chakatwa tena ndani ya kabati lenye hewa ilochujwa, chatiwa kwenye chupa yenye lishe ilogandishwa kwa aga. Hiyo aga yatoka kwa mwani mwekundu, ila si ule wanaolima kina mama kule Kwale, huo watoa kitu kingine, karajinani. Chupa zakaa chumba cha taa, nyuzi joto kama 25, taa saa 16 kwa siku, na kila baada ya wiki kadhaa kile kipande kikishatoa machipukizi yagawanywa, kila moja chupa yake. Tuseme kila duru kimoja kinatoa vitatu, piga hesabu wewe mwenyewe, duru ya nane una 6,561 kutoka mtoto mmoja wa mgomba. Shambani mama mmoja akupa watoto wangapi kwa mwaka? Na hao watoto wa kuomba kwa jirani waja na wageni wao, fukusi kwenye tunguu, minyoo ya mizizi, na ule mnyauko wa panama ambao ukiingia ardhini hautoki miaka na miaka.

Sasa GMO. GMO ni kuingiza au kubadilisha jeni kwa makusudi ndani ya maabara. Hapo kwenye chupa hakuna jeni ilotiwa, kisukari chabaki kisukari, mkono wa tembo wabaki mkono wa tembo. Watu wachanganya manake hata wanaotengeneza GMO watumia chupa hizihizi kulea mimea yao, na tena hizi habari za GMO zilikuwa kila redio, serikali ilipiga marufuku mwaka 2012, baraza la mawaziri likaiondoa Oktoba 2022 na mambo yakaenda kortini. Miche ya ndizi ya tishu ilikuwa Kenya kabla ya zogo hilo lote, KARI, shirika la serikali la utafiti wa kilimo (sasa ni KALRO), waliileta kwa wakulima miaka ya 1990, na chuo cha JKUAT kule Juja kimeizalisha miaka mingi.

Nataka uelewe upande wa pili pia manake wauzaji hawausemi. Chupa haiongezi kitu. Haifanyi ndizi iwe tamu zaidi wala haiufanyi mgomba uwe na nguvu ambazo mama yake hakuwa nazo. Mama akiwa mbaya utapata watoto wabaya elfu sita kwa mpigo mmoja. Kwa hivo swali la kumuuliza muuzaji si "ni tishu?", ni "mama yake yuko wapi?"

Ami, nauliza kutoka Lamu mjini. Babangu alipanda kokwa za tende alizoletewa kutoka Oman, ikaota mitano, miaka sasa imepita, mitatu ni midume na miwili yazaa tende ndogo za ovyo. Nasikia Uarabuni wana mitende ya tishu. Naeza kuipata na itazaa hapa?

Mitatu midume kati ya mitano haikunishangaza, kokwa ya tende ni bahati nasibu, kama nusu huwa midume, na hiyo mike haifanani na mama yake. Ndio maana tangu zamani Waarabu hawapandi kokwa, wachukua watoto waotao chini ya shina, lakini mtende mmoja watoa watoto wachache tu maishani mwake na tena ukiwa bado mchanga. Tishu ndio ilofungua mlango, maabara kama ile ya Chuo Kikuu cha Falme za Kiarabu kule Al Ain zatoa miche kwa maelfu.

Lakini sikiliza hii. Mitende ya tishu ya Barhi, aina moja ya tende, baadhi yake ilipofika kuzaa, na mtende wachukua miaka, maua yalikuwa na kasoro, hayashiki tunda vizuri, na kuna yalotoa vitu visivyo tende. Michikichi ya mafuta pia, miaka ya 1980, miche ya tishu ilitoa matunda yaliopotoka na mwaka 2015 ndio watafiti wakaeleza chanzo chake ndani ya seli. Seli zikilelewa ndani ya chupa muda mrefu sana, zikigawanywa tena na tena kwa homoni nyingi, hasa zikipitia ile hali ya donge, zengine zajisahau. Kwenye ndizi maabara yenye adabu haizidishi duru 8 mpaka 10 alafu yaanza upya na mama mwengine, na kasoro ya ndizi waeza kuiona mapema, mche wabaki mfupi kibeti au majani yana mabaka ya kijani na manjano, waung'oa tu. Mtende hautakwambia mpaka baada ya miaka.

Na Lamu yenyewe, Waarabu husema mtende wataka miguu kwenye maji na kichwa kwenye moto. Miguu utapata, moto pia, ila wataka hewa kavu wakati wa kuivisha na sisi hapa hewa ni nyevu na mvua zaja hapohapo. Kama ni mapenzi ya babako panda miwili karibu na nyumba. Kama ni biashara, hiyo pesa mimi ningeipeleka kwenye miembe ya ngowe, kisha mwembe hauna haja ya chupa, kwenye chupa ni msumbufu sana watoa maji meusi ukijiua, kubandika kikonyo kwenye shina la kienyeji yatosha.

Bwana mkulima, salamu kutoka Jilore. Muhogo wangu majani ni mazuri tu lakini nikichimba ndani una mabaka ya kahawia makavu, haulikani wala hauuziki. Kuna mtu ameniambia nitafute vijiti vya tishu nitamaliza tatizo. Ni dawa?

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ubaya wake ndio huo, majani yakudanganya mpaka siku ya jembe. Ni wetu wa pwani hasa, mtafiti Storey alouelezea mwaka 1936 alikuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, Tanzania ya sasa, na ule mwengine wa majani kukunjana, batobato, ulielezwa hukohuko Usambara mwaka 1894. Vyote ni virusi, vyote vyaenezwa na inzi weupe wadogo chini ya jani, na vyote vyasafiri na sisi wenyewe tunapopeana vijiti.

Tishu yaeza kusafisha, hilo ni kweli. Watafiti Morel na Martin wa Ufaransa mwaka 1952 walitoa ua la dalia lisilo virusi kutoka kwa mmea mgonjwa, walikata ile ncha kabisa, isozidi nusu milimita, manake pale ncha yakua haraka na mishipa bado haijafika, kirusi kimeachwa nyuma. Kwa muhogo wauweka mmea kwanza kwenye joto la nyuzi 36 hivi kwa wiki kadhaa kuzidi kukidhoofisha, alafu ndio wakata, na mwisho lazima upimwe. Bila kipimo hakuna anaejua, chupa si ushahidi wa usafi, ukungu na bakteria mara nyingi waonekana kwa macho ndani ya chupa lakini kirusi hakionekani. KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, pale Muguga ndio kazi yao hiyo.

Ila kusafishwa si kukingwa. Kijiti safi ukikipanda kando ya muhogo mgonjwa wa jirani, inzi mweupe hahitaji ruhusa, msimu mmoja miwili umerudi ulipokuwa. Kwa hivo wewe wataka mbili pamoja, kijiti safi na aina inayovumilia. Nenda KALRO Mtwapa uulizie vijiti, wana aina za pwani kama Tajirika, Shibe na Karembo, na waulize hasa kuhusu Kaleso. Wazee wa Kilifi waijua Kaleso, damu yake yatoka kwa kazi ya hukohuko Amani, muhogo ulochanganywa na mti wa mpira wa mwituni ulio jamaa ya muhogo, na michirizi yaisumbua kidogo tu. Ng'oa ule wa zamani wote kwanza, choma au lisha mbuzi majani, usibakishe hata mmoja wa mboga ya kisamvu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Malindi, nataka kufanya tishu nyumbani kwa mradi wa sayansi. Vifaa gani nahitaji?

Mwanangu umenifurahisha. Waeza kujaribu, sufuria ya presha yafika nyuzi 121 kama otoklevu ya maabara (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), chemsha lishe na chupa dakika 20, lakini hapa kwetu hewa nyevu imejaa ukungu na chupa nyingi zitaharibika, jua hilo kabla hujaanza ili usikate tamaa, na dawa ya klorini usiichanganye na dawa nyengine yoyote ya kusafishia.

Lakini nikwambie mradi utakaoshinda na wazee wako watafaidika. Chukua tunguu la mtoto wa mgomba wenye afya, menya mizizi na ngozi yote mpaka liwe jeupe, ukiona vishimo vya fukusi tupa, alafu litumbukize kwenye maji yanayochemka kabisa kwa sekunde 30, si zaidi, lipate joto nje tu bila kuiva ndani. Kata majani yaliolizunguka moja moja karibu na shina lake mpaka vile vijicho vidogo vya pembeni vionekane, kisha ile ncha ya katikati iharibu kwa kisu kwa kukata msalaba. Ncha ya katikati ndio inayovizuia vijicho visichipue, ikifa vyote vyaamka. Lifukie kwenye unga wa mbao uliochemshwa, ndani ya kisanduku kilofunikwa nailoni kivulini, mwagia maji kidogo. Baada ya wiki chache vyatoka vimiche kwa wingi, waeza kuvikata ncha tena vizidi. Ni sayansi ileile ya homoni ya Skoog na Miller, umeifanya kwa kisu cha jikoni. Hesabu na andika kila wiki.

Mnazi wetu wa kitamli hapa Mambrui madafu yake hayana mfano. Naeza kuukata kipande nikaupeleke tishu?

Usiukate ndugu yangu! Mnazi una kichwa kimoja tu cha kukua, ukikigusa umeua mnazi. Watafiti wamehangaika nao miaka mingi kwenye chupa na bado si jambo la kupata miche dukani. Kitamli chako kwa vile ni kifupi mara nyingi chajichavusha chenyewe, kwa hivo nazi zake zaelekea kufanana na mama kuliko za mnazi mrefu. Acha nazi zikomae kabisa mpaka zikauke, zilaze kitaluni kivulini kabla ya masika, na zile zitakazochipua mwanzo na shina nene ndizo uzipeleke shambani, zinazochelewa zikune upikie mchuzi.